Jinsi ya kubadili taarifa za injini kwenye kadi ya gari, kwa wenye Defender na mikweche mingine ya porini

Kama una Land Rover Defender 110 yenye injini ya 300Tdi iliyochoka na fundi ameshakwambia "tupia injini ya 1HZ ya Toyota usahau", subiri kidogo kabla hujatuma hela kwa wauza spea wa Gerezani, Dar. Kutoa injini na kuweka nyingine ni kazi ya fundi, sawa, ila kadi ya gari imeandikwa namba ya injini, ujazo kwa cc na aina ya mafuta, na mpaka TRA, mamlaka ya mapato, wabadilishe hizo taarifa unatembea na gari moja barabarani na lingine kwenye karatasi. Utakuja kulijua hilo siku unauza, siku unavuka mpaka wa Namanga, au siku bima wanatafuta sababu ya kutolipa. Mimi nimemaliza juzi tu na bado nina hasira, kwa hiyo nisameheni lugha.

Kwanza kabisa angalia jina kwenye kadi. Hizi Land Rover nyingi zimetoka kwenye minada ya miradi, misheni na kampuni za utalii, halafu zimepita mikono mitatu minne na kadi bado inasoma jina la mradi uliofungwa zamani. Mwombaji ni mwenye jina kwenye kadi, basi. Maliza kwanza kubadili umiliki, ukipata kadi yenye jina lako ndo uanze habari za injini. Ukikuta mwenye jina alishafariki hapo kuna mambo ya mirathi na usimwambie fundi afungue hata nati moja.

Pili elewa kinachohesabika kuwa umebadili injini. Namba imechongwa kwenye bloku. Ukibadili silinda hedi, ukachonga silinda, ukaweka pistoni mpya, namba ni ile ile na huna sababu ya kwenda ofisi yoyote. Ukinunua nusu injini, yaani bloku na kranki, hiyo ni injini nyingine hata kama hedi yako ya zamani imerudi juu. Gia boksi, transfa na difu kwenye kadi hazipo kabisa, kwa hiyo huko uko huru, ila mkaguzi wa magari ana macho.

Na hapo kwenye gia boksi niseme kidogo maana watu wanadanganyana sana. 300Tdi ni cc 2,495, nguvu yake ya kuvuta, ambayo hupimwa kwa Nm, ni kama Nm 265. 1HZ ni cc 4,164, silinda sita, na nguvu ya kuvuta ni karibu Nm 285 tu. Ndio, umesoma vizuri, cc zaidi ya mara moja na nusu na faida ni kiduchu, kwa sababu haina turbo. 1HZ inatafutwa kwa kuwa haifi, spea zake ziko mpaka Loliondo, na pampu yake ni ya kimakanika kwa hiyo huhangaiki na kompyuta wala rundo la waya. Gia boksi ya Defender yako, R380, imepewa hilo jina kwa sababu ilitengenezwa kubeba Nm 380, hivyo 1HZ kavu, isiyo na turbo, inaibeba. Ukishaanza tamaa ya kuongeza turbo ndo unaanza kuulizana na fundi meno ya gia yamekwendaje. Kinachostahili hela yako ni transfa, boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma: ya Defender, LT230, uwiano wa gia yake ya juu ni 1.41, ya Discovery ni kama 1.2, na 1HZ haipendi kupiga kelele kwenye lami, ukiweka ya Discovery inatulia vizuri tu. Spidomita haidanganyiki kwa hilo maana inasoma baada ya transfa, kwa hiyo tochi za trafiki barabara ya Moshi hazitakuwa na huruma na wewe. Springi za mbele weka ngumu, hiyo injini ni nzito, na ni ndefu, rejeta lazima isogee mbele.

Sasa hatua iliyonila. Karatasi za injini.

Injini nyingi za hivi zinaingia used kutoka Sharjah na Japani, kontena moja limejaa injini, zote zimetolewa forodhani kwa TANSAD moja, yaani hati moja ya forodha. Muuzaji anakuuzia moja, na ukimuomba karatasi anakuangalia kama umemuomba figo. "Kaka, hapa kila mtu ananunua, hajawahi kurudi mtu." Hajawahi kurudi kwa sababu wengi hawabadilishi kadi! Ukisema unataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA, bei inapanda papo hapo, na ukikubali bei mpya unapewa risiti imeandikwa "used engine 1" na hamna kingine, sio modeli, sio namba. Risiti ya namna hiyo inathibitisha kwamba mahali fulani duniani kuna injini imeuzwa. Mimi niliambiwa kaunta ya TRA kwamba risiti haina namba hivyo haifungamani na injini yangu, na kwa kweli walikuwa sahihi, ila wakati huo injini iko tayari kwenye chasi na muuzaji hapokei simu, na akipokea yuko China.

Kwa hiyo kabla hela haijatoka mkononi, pale pale dukani, mwambie akupe vitu vitatu: risiti ya EFD yenye modeli na namba kamili ya injini, kopi ya nyaraka za forodha za kontena lake, na mkataba wa mauziano wenye namba hiyo hiyo, ugongwe muhuri na wakili. Risiti ihakiki kwenye verify.tra.go.tz ukiwa bado umesimama dukani, mbele yake, bila aibu. Kama injini imetoka kwenye gari la hapa hapa lililokatwa, dai kopi ya kadi ya gari hilo na kitambulisho cha mwenyewe. Akigoma ondoka, 1HZ hazijaisha mjini. Na ukikuta namba kwenye bloku imesagwa au imepigwa upya kwa patasi usiulize bei, hiyo ni kesi ya polisi inayosubiri mnunuzi.

Namba isome mwenyewe, kwa brashi ya waya na tochi ya simu, usisomewe. 1HZ ina janga lake: moja inafanana na I, na Z inafanana na 2. Dada wa steshenari aliyenichapia barua ya maombi aliandika IHZ, muuzaji kwenye risiti ya pili, niliyoipata kwa mbinde, akaandika 1H2, na kwenye mfumo hizo ni injini tatu tofauti za watu watatu tofauti. Kila karatasi isome herufi kwa herufi kabla hujaondoka ilipotolewa. Piga picha namba wakati injini iko chini, kabla haijaingia, taimingi belti mpya ifungwe hapo hapo pia. Halafu mwambie fundi asipitishe bomba wala bracketi ya kompresa juu ya namba, maana mkaguzi hakubali picha, anataka kuiona kwa macho yake.

Ukaguzi unafanywa na polisi wa usalama barabarani, mkaguzi wa magari. Peleka gari limekamilika, taa zote, breki, hamna mafuta yanadondoka, mauntingi zimechomelewa vizuri sio za kufunga na waya. Atalinganisha chasi na kadi, injini na risiti, ataangalia kazi yenyewe, halafu anakuandikia ripoti. Nenda asubuhi sana na nenda umeoga, watu wanaowahi na wasio na harufu ya dizeli wanasikilizwa. Njiani beba kopi ya kadi na karatasi zote za injini, trafiki wa kwanza mwenye bidii akifungua boneti uwe na la kuonyesha.

TRA penyewe, ukifika na faili lililonyooka, ndo pepesi kuliko kote. Barua ya maombi, kadi halisi, ripoti ya ukaguzi, karatasi za injini, TIN yako. Kwenye barua taja kila kinachobadilika, namba, cc, na mafuta kama umetoka petroli kwenda dizeli, maana ukisahau kimoja hakibadilishwi kwa kukuhurumia. Unapewa control number, yaani namba ya malipo, unalipia kwa simu au benki, unasubiri. Mtandao ukikata kaa hapo hapo kwenye benchi, usiende kunywa chai, ukirudi foleni imekusahau. Vijana wa nje watakaokwambia "mkuu nipe mimi kesho unaipata" wapite tu, wanachofanya ni kupanga foleni hiyo hiyo kwa hela yako.

Msiogope cc kupanda, ile rodi laisensi ya kila mwaka iliyokuwa inapangwa kwa cc ilifutwa 2017 ikahamia kwenye bei ya mafuta, na kwa 1HZ utailipa huko vizuri sana.

Kadi mpya ikitoka isomee kaunta, namba ya injini, cc, chasi, jina, ndo usaini. Kopi peleka bima siku hiyo hiyo uwaandikie wabadilishe taarifa, na wakugongee muhuri kwamba wamepokea. Injini ya zamani ukiiuza andika mkataba wenye namba yake na tarehe, mpe na mnunuzi nakala ya ripoti ya ukaguzi, asije naye akawa anakupigia simu uko China.