Somo: Chagua familia ya fonti kabla ya kugusa rangi

Wadau, salama. Wiki hii zimepita mezani kwangu hapa Moshi kazi tatu za kurekebisha: lebo ya kahawa, bango la duka la vipuri na kadi ya kipaimara. Rangi safi, picha safi, lakini hazisomeki, kwa sababu herufi zilichaguliwa mwisho kabisa. Naomba tugeuze utaratibu huo.

Hatua ya 1: Nani atasoma, akiwa wapi?

Kadi husomwa mkononi. Bango la barabarani, mfano hapa Double Road, husomwa na abiria wa bodaboda ambaye hatasimama. Mafundi wa mabango wana kipimo chao: kila mita 3 za umbali, kimo cha herufi kiwe kama sentimita 2.5. Msomaji akiwa mita 30, unahitaji sentimita 25. Pima kwa hatua za miguu, ndipo uwashe kompyuta.

Hatua ya 2: Chukua ukoo mzima

Fonti ni mtindo wa herufi, na familia ya fonti ni ndugu waliochorwa pamoja: nyembamba, ya kawaida, nene, ya mlazo. Familia ikikosa herufi nene halisi, programu huinenepesha kwa nguvu na matundu ya a na e yanaziba. Kwa hiyo usipakue faili moja ukaridhika.

Mimi sasa naanza na tatu. Inter, ya Rasmus Andersson, ilichorwa kwa ajili ya skrini. Ina uzito (yaani unene wa herufi) wa aina 9, na herufi zake ndogo zina kimo kirefu, hivyo husomeka hata zikiwa ndogo. Ina pia tarakimu za upana sawa: washa hizo kwenye orodha ya bei za mgahawa uone elfu zinavyosimama chini ya elfu.

Ya pili ni Atkinson Hyperlegible. Braille Institute ya Marekani waliitoa mwaka 2019 kwa ajili ya watu wenye uoni hafifu. Kila herufi imepewa umbo lake ili I kubwa, l ndogo na 1 zisifanane. Mwanzoni ilikuwa na uzito wa aina mbili tu. Mwaka 2025 ikaja Atkinson Hyperlegible Next yenye aina 7, na hapo ndipo ikawa familia ya kufanyia kazi yoyote.

Ya tatu ni Andika ya SIL, shirika la kimataifa la lugha. Jina ni kitenzi chetu wenyewe! Imetengenezwa kwa watu wanaojifunza kusoma. Herufi a ndogo yake ni ileile ambayo mwalimu wa darasa la kwanza huichora ubaoni. Kwa vitabu vya watoto sijaona ya kuishinda.

Utakutana pia na fonti badilifu, ambapo faili moja lina uzito wote na unausogeza kidogo kidogo. Teknolojia hiyo ilitangazwa mwaka 2016 na Adobe, Apple, Google na Microsoft kwa pamoja. Kama programu yako ni ya zamani, pakua mafaili ya kawaida, usihangaike.

Hatua ya 3: Ijaribu kwa Kiswahili na kwa namba

Andika "ng'ombe" na "ng'ambo" kwa ukubwa halisi wa kazi, uchapishe. Fonti nyingine huacha pengo kwenye ile alama ya juu, neno likaonekana mawili. Kisha andika 1 7 0 O I l.

Hili la namba linaniuma hadi leo. Niliwahi kutengeneza kadi za mchango wa harusi kwa herufi za mapambo, nikaacha namba ya simu kwenye fonti hiyohiyo. Moja ikasomeka saba. Watu wakatuma michango kwa namba isiyo ya mwanakamati, na familia ile ikahangaika siku kadhaa kuifuatilia. Tangu hapo namba zangu zote huenda kwenye fonti wazi, hata kama majina ya maharusi yana maua.

Hatua ya 4: Tazama karatasi

Karatasi ya kaki hunywa wino na wino hutanuka. Mistari myembamba nyeupe ndani ya rangi nzito hufungika. Panda uzito mmoja juu na achanisha herufi kidogo.

Hatua ya 5: Kabla ya kutuma kwa mchapaji

Hifadhi nakala yenye maandishi, kisha kwenye nakala ya pili geuza herufi ziwe mchoro. Kwenye CorelDRAW, programu ya kuchora na kusanifu, ni Ctrl+Q. Bila hivyo, kompyuta isiyo na fonti yako itaweka nyingine. Ndiyo shida ya barua za Word siku hizi: tangu 2023 Microsoft wameweka Aptos mahali pa Calibri, na steshenari yenye Office ya zamani ikifungua barua hiyo, mistari inahama.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanachama, Sakina, Arusha:* Mkuu, mlango wa Land Cruiser ya safari, maandishi meupe juu ya kijani. Niweke nene zaidi?
*Jibu:* Nene ya kati inatosha. Nene mno hufunga matundu gari likiwa na vumbi la barabarani. Jina liwe kubwa, namba ya leseni na simu zibaki wazi kabisa.

*Mwanachama, Monduli:* Shikamoo mwalimu. Naandaa orodha ya maneno ya Kimaasai, lakini ɛ, ɔ na ŋ zinatoka visanduku.
*Jibu:* Marahaba. Fonti yako haina herufi hizo. Tumia Andika au Noto Sans, zote zinazo. Usichukue ɛ kutoka fonti nyingine ukaichomeka katikati ya neno. Jicho hujikwaa pale.

*Mwanachama, Kiboriloni:* Hizi fonti tatu za bure, nikizitumia kwenye kazi naruhusiwa kumtoza mteja?
*Jibu:* Ndiyo. Zina leseni huru ya SIL: kazi ya biashara ruksa, ila huruhusiwi kuuza fonti yenyewe peke yake. Zile zilizoandikwa kuwa ni za matumizi binafsi, ziache au ulipie.

*Mwanachama, Majengo:* Mteja wangu anang'ang'ania mwandiko wa kuunganisha kwenye bango la duka la dawa.
*Jibu:* Mchapishie jina kwa mwandiko huo na kwa fonti wazi, vyote viwili kwenye A4, ubandike ukutani, umsimamishe ng'ambo ya barabara. Mwache asome mwenyewe.