Mshipa mkuu wa tumbo umevimba na umri umeenda? Ishi hivi wakati unafikiria oparesheni

Mimi nina miaka 73. Miaka miwili iliyopita nilienda kupiga ultrasaundi kwa ajili ya tezi dume, yule mpimaji akapandisha kifaa mpaka juu ya kitovu, akanyamaza, akarudia tena, alafu akaniambia mzee huu mshipa wako mkuu wa damu una sentimita 4.6. Kwa kawaida hapo tumboni huwa kama 2, ukifika 3 wanasema umevimba. Sikuwa na maumivu yoyote na wengi tunagundulika hivyohivyo, kwa bahati. Basi nikakaa miezi mitatu kwenye kiti naogopa hata kupanda ngazi, na hakuna daktari aliyenituma nikae.

Anza na jina lenyewe. Ukirudi nyumbani ukasema "nina mshipa" watu wataelewa ngiri, kesho yake unaletewa mizizi na mtu wa kukukanda tumbo. Usikubali kukandwa. Waambie ni aota, lile bomba kubwa linalotoka kwenye moyo na kushuka mpaka tumboni, limetanuka sehemu moja kama tyubu ya baiskeli iliyochoka. Na ndugu zako wa tumbo moja waambie wakapimwe, maana hii kitu inatembea kwenye familia.

Nunua daftari. Kila kipimo andika tarehe, sentimita, na mashine ya wapi, kwa sababu wapimaji wawili wanaweza kutofautiana milimita kadhaa kwenye mshipa uleule, ukiona imeruka ghafla usipanik kwanza uliza kama ni mkono mwingine umepima. Jitahidi kurudi palepale. Uingereza ratiba yao ni mara moja kwa mwaka kuanzia 3 mpaka 4.4, na kila miezi 3 kuanzia 4.5 mpaka 5.4. Midogo mingi huongezeka milimita 2 au 3 hivi kwa mwaka. Wangu leo ni 5.0.

Sigara acha leo, sio kupunguza. Hakuna kitu kinacholisha huu uvimbe kama sigara. Presha ishike, dawa ni kila siku hata ukijisikia mzima, na kama unafunga Ramadhani muone daktari kabla ya mwezi kuanza akupangie dawa za futari na daku.

Sasa hili naomba mlisome taratibu. Sisi tuna tabia ya kwenda duka la dawa tukiumwa tumbo au mkojo ukichoma, tunanunua sipro, ile dawa ya kuua bakteria, wenyewe. Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba siprofloksasini (ndiyo hiyo sipro), levofloksasini na ndugu zao wa kundi hilo wanaweza kuongeza hatari ya aota kupasuka, na mtu mwenye uvimbe huu asipewe isipokuwa hakuna dawa nyingine ya kumtibu. Mimi nimeandika kwenye jalada la daftari kwa wino mwekundu, na kila ninapotibiwa natangulia kusema.

Mazoezi. Tembea! Nusu saa kwa mwendo ambao bado unaweza kuongea na mwenzako, mimi natoka baada ya swala ya alfajiri jua halijawa kali. Baiskeli kwenye tambarare sawa, kupalilia kidogokidogo sawa. Kinachokatazwa ni kile kitendo cha kubana pumzi na kukaza tumbo, hapo presha inapanda ghafla: kunyanyua ndoo ya lita 20, gunia, kusukuma gari lililozima, na hata kujikamua chooni, kwahiyo maji, mboga na mapapai yawe mengi. Ukilazimika kunyanyua kitu kidogo toa pumzi wakati unanyanyua.

Tuje kwenye oparesheni. Kwa wanaume huanza kuzungumzwa ukifika 5.5, kwa wanawake madaktari wengi husema 5.0, au kama unakua zaidi ya sentimita 1 kwa mwaka. Hii namba haikuotwa, Uingereza na Marekani walishalinganisha watu waliopasuliwa mapema na waliosubiri huku wanapimwa, kuanzia 4 mpaka 5.5, na waliowahi kupasuliwa hawakuishi zaidi. Kusubiri kwa kupima ni matibabu.

Njia ni mbili. Ya kufungua tumbo unawekewa bomba la kitambaa, unalala wodini kama wiki, nguvu zinarudi baada ya miezi 2 au 3. Ya pili wanapitisha stenti, yaani bomba la kushikilia mshipa kwa ndani, kwenye mshipa wa kinena, siku chache uko nyumbani. Kwenye utafiti mmoja mkubwa wa Uingereza, ndani ya siku 30 walifariki karibu 5 kati ya 100 kwa kufunguliwa na karibu 2 kati ya 100 kwa stenti. Ila miaka ikisogea ule unafuu unaisha, na mwenye stenti anapimwa maisha yake yote maana inaweza kuvuja. Kama unakaa mbali na siti skani, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, hesabu nauli na gharama hizo kabla hujachagua. Muulize daktari wazi: kwa moyo wangu, mapafu yangu na figo zangu, kipi kitaniua mapema, mshipa au kisu? Na wewe mwenyewe umefanya ngapi?

Umri peke yake usikuamulie. Einstein, yule mwanasayansi, alikataa oparesheni ya mshipa huuhuu, akafariki Aprili 1955 akiwa na miaka 76. Michael DeBakey, daktari maarufu wa Marekani wa upasuaji wa moyo na mishipa, yeye alipasuliwa aota mwaka 2006 akiwa na miaka 97, akaishi mpaka 2008. Wote nawaheshimu.

Mimi watoto nimewaita nikawaambia uamuzi wangu nikiwa na akili timamu: ikifika 5.5 na moyo ukipimwa uko sawa, nafanya. Nikipata maumivu makali ya ghafla ya tumbo au mgongo, jasho la baridi, nikazimia, msinipe panado wala msiseme ni mawe ya figo. Niwekeni kwenye gari usiku huohuo, hospitali yenye daktari wa upasuaji wa mishipa, na daftari mlibebe.