Mudi ikishuka inachukua muda gani kurudi? Jinsi ya kupima

Wengi wakipata data ya saikolojia wanakimbilia wastani, na hapo ndio mambo huharibika, juu watu wawili wanaweza kuwa na wastani wa 60 wote lakini mmoja akikasirika asubuhi mchana ashasahau, mwingine akianguka Jumatatu anainuka Alhamisi. Hiyo kurudi ndio tunapima. Ni kama matatu ya Thika Road ikipita bampu, shoki zikiwa sawa inatulia mara moja, zikiwa zimeisha mnarushwa mpaka steji inayofuata.

Anza na mtu mmoja. Muulize anajiskiaje sasa hivi, ajibu 0 hadi 100, kila masaa matatu kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tatu usiku, siku 30. Hizo ni namba 150, na zingine atakosa tu, simu imezima au yuko kanisa. Pengo liache wazi, usilijaze na wastani tafadhali.

Chora grafu kwanza. Kama laini yote inapanda polepole, labda mitihani iliisha, toa huo mwelekeo kabla ya hesabu ama utaona mudi inang'ang'ania, yaani haitaki kurudi, na kumbe siyo.

Sasa fungua Excel, safu moja mudi ya saa hii, ya pili mudi ya swali lililotangulia, halafu fomula ya CORREL, inayopima vile safu mbili zinafuatana. Hiyo namba ndio otokorelesheni, yaani mudi ya sasa inabeba kiasi gani cha ile iliyopita; ikikaribia 1, kurudi kunachelewa. Mimi kosa lililonimaliza ni kuoanisha jibu la usiku na la asubuhi yake kana kwamba ni masaa matatu yamepita, kumbe mtu amelala! Hizo jozi futa, utabaki na 120 hivi.

Kila swali linalofuata, zidisha kilichobaki cha ule mshtuko ulioshusha mudi kwa hiyo namba. Ukipata 0.5, maswali matano baadaye mshtuko umebaki kama 3%. Ukipata 0.9, bado 59% iko.

Ukitaka kuona kama mtu anaelekea pabaya, rudia hesabu siku ya 1 hadi 15, 2 hadi 16, mpaka mwisho, uone kama otokorelesheni inapanda. Kila kipande hicho cha siku 15 ni dirisha. Mwaka wa 2014 mtafiti van de Leemput na wenzake walionyesha kwenye jarida la sayansi la PNAS kwamba otokorelesheni na mtawanyiko wa hisia (vile zinaruka juu na chini) zikiwa juu zinahusiana na kuingia au kutoka kwa depresheni. Lakini hao walikuwa kundi la watu, wewe uko na mmoja, na hayo madirisha yanapandana kwa hivyo p ya kawaida, ile namba ya kupima kama ni bahati tu, itakudanganya. Tengeneza data bandia mara 1000 yenye otokorelesheni isiyobadilika, na mapengo yaleyale, uhesabu ni ngapi otokorelesheni yake imepanda kama yako au zaidi. Zikiwa 300, bahati tu inaweza kuleta hiyo, hapo hauna kitu bado, endelea kumuuliza.