Nilianza na Koki: Namna ya Kukarabati Jiko Mwenyewe

Juni mwaka jana, shule zimefungwa, nilinunua koki ya sinki kwa shilingi 15,000 nikasema ni kazi ya asubuhi moja. Tulirudi kupika ndani wiki ya saba. Nyumba yetu ya Tabata aliijenga marehemu baba mwaka 1994, na jiko la umri huo halikubali kuguswa sehemu moja. Kama nawe umeshashika spana, soma kwanza.

Kabla ya kufungua chochote, funga koki kuu, kisha nenda jikoni ufungulie uone kama maji yamekata kweli. Mimi nilijiamini. Nilipoizungusha koki ya zamani ilikatika, kipande chenye uzi kikabaki ukutani, maji yakaruka mpaka dari. Nikakimbilia koki ya tenki: imeshika kutu, haizunguki. Binti yangu alisimama ameziba tundu kwa kanga iliyokunjwa, analia na kucheka, mpaka jirani alipoleta spana ya bomba.

Kukitoa kile kipande ilibidi nifukue ukuta kwa tindo. Ndani nikakuta bomba la chuma limeoza urefu wote, njia ya maji imebaki ya kupitisha kalamu. Hapo usijionee huruma. Ukibadilisha kipande tu, mwakani utavunja vigae vipya. Nilitoa bomba lote nikaweka la plastiki ngumu liitwalo PPR, ambalo huunganishwa kwa mashine ya moto, unaweza kuikodi. Isubiri ifike nyuzi 260. Bomba la milimita 20 linakaa kwenye mashine sekunde 5, unachomoa na kulisukuma kwenye kiungo moja kwa moja, bila kulizungusha, unatulia nalo. Weka alama ya penseli milimita 14 kutoka ncha ili usilizamishe kupita kiasi, maana plastiki iliyoyeyuka itaziba njia. Vifunge viungo vyote karatasi ya chooni iliyo kavu, fungulia maji, kalale. Asubuhi karatasi iliyolowa itakuonyesha penye tatizo kabla hujapiga lipu.

Umeme sikuugusa, na wewe usiuguse. Tindo ilifunua waya wa soketi ya friji umepita mshazari ndani ya lipu, hauna hata bomba. Nilizima swichi kuu nikamwita fundi. Akatazama ukuta, akatazama sinki lililokaa sakafuni, akasema, "Mwalimu, hii si koki tena." Alipomaliza nilipiga picha kila ukuta, futi kamba ikionekana, nijue siku za usoni wapi pa kutoboa na wapi pa kuacha.

Ukuta ukishafukuliwa, meza ya zamani ya mbao haikufaa kurudi, hivyo nikamwaga slabu: urefu mita 2.4, upana sentimita 60, unene sentimita 8. Piga hesabu kabla ya kwenda dukani. Hiyo ni takriban mita za ujazo 0.115, na kwa mchanganyiko wa saruji ndoo 1, mchanga 2, kokoto 4, mfuko mmoja wa kilo 50 ulitosha ukabaki. Nondo zikae chini, siyo katikati wala juu, zimeinuliwa kwa biskuti za zege za sentimita 2.5, maana slabu iliyoegemea kuta za tofali pande mbili huvutika upande wa chini. Tundu la sinki liache kwa kisanduku cha mbao kabla ya kumwaga, na kipimo chake kichukue kwenye sinki lenyewe. Maandishi ya kwenye boksi yaliniongopea sentimita 2. Mwagilia maji siku 7. Mirunda iliyoishikilia kwa chini niliitoa siku ya 14.

Ni katika siku hizo mama mkwe alifika, akatukuta tunasonga ugali barazani kwenye jiko la mkaa, sufuria zimepangwa juu ya cherehani. Akakaa, akanawa, akasema, "Mwanangu, hata mimba ina tarehe."

Vigae nivieleze kwa haraka, kasoro jambo moja. Usianzie sakafuni, sakafu haijanyooka. Pigilia ubao ulionyooka ukutani kwa pima maji, safu ya kwanza ikae juu yake, gundi ienee mgongo mzima wa kigae, misalaba ya plastiki kati ya kigae na kigae, grauti ya kujaza mianya kesho yake. Jambo lenyewe ni idadi. Ukanda wangu ulikuwa mita 5.4 kwa 0.6, na kigae cha sentimita 30 kwa 60 kinafunika mita za mraba 0.18, kwa hiyo 18 kamili. Mwalimu wa hisabati nikanunua 18 kamili. Vitatu vikavunjika wakati wa kukata kona. Niliporudi Kariakoo, jina lilelile, picha ileile, ila namba ya rangi kwenye boksi ni nyingine, na weupe wake unaelekea maziwa. Ongeza asilimia 10, na vigae vyote viwe vya namba ileile ya rangi. Vile vitatu viko nyuma ya friji; mgeni akisogea upande huo namwita aje aonje mchuzi.

Baada ya ukuta, sakafu ya saruji ilionekana chafu, tukaweka vigae na huko, moja kwa moja juu ya ile ya zamani. Kigae na gundi yake vimepandisha sakafu kama sentimita 1.5, na mlango wa uani sasa haufunguki zaidi ya nusu. Ung'oe mlango kabla ya kutandaza, upime, uukate chini ukiwa umelala juu ya stuli mbili. Wangu bado umening'inia, na mwenye randa amesema nipitie Jumamosi.