Modeli ya hifadhi ya chini ya handaki, Somme 1916 (skeli 1:35)

Modeli hii ni ya hifadhi ya Wajerumani huko Somme, Ufaransa, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, iliyokatwa ubavuni ili handaki, ngazi na chumba vionekane pamoja. Nyingi zilichimbwa mita 6 hadi 9 kwenda chini. Hapa ngazi inashuka mita 7, yaani sentimita 20 kwenye modeli.

1. Kitalu. Gundisha vipande vya povu gumu la polistirini upate urefu wa sm 45, kimo 30, unene 15. Tumia gundi nyeupe ya mbao. Supagluu na rangi ya kupuliza huyeyusha povu.

2. Upande wa adui. Chora mshale wake kabla ya kukata chochote, maana hapa ndipo wengi hukosea. Mdomo wa ngazi huwa kwenye ukuta wa mbele wa handaki, na ngazi hushuka kuelekea kwa adui. Kombora litokalo mbele hupita juu ya mdomo. Mdomo ungekuwa kwenye ukuta wa nyuma, ungetazamana na kombora hilo. Ndiyo maana Waingereza walioteka hifadhi hizi walikuta midomo imeelekea mizinga ya Wajerumani.

3. Ngazi. Chimba handaki la kina sm 5.7, kisha kata mteremko laini wa nyuzi 45, upana sm 3. Usichonge vidato kwenye povu, litameguka. Chukua vijiti vya balsa (mbao nyepesi ya modeli) vya mraba wa mm 6, vipasue kwa mshazari, ugundishe vipande 33 kufuatana.

4. Chumba na mbao. Kimo sm 5, upana 5.7. Kila fremu ina kizingiti, nguzo mbili na boriti, vyote vya mm 4, na fremu ziachane sm 3. Paka mbao rangi kabla ya gundi. Penye gundi mbao hazinywi rangi, hubaki madoa meupe. Usirundike magogo juu ya dari: kinga ni zile mita 7 za ardhi isiyoguswa, mbao huzuia tu chaki (jiwe jeupe laini la ardhi ya Somme) isimomonyoke.

5. Chaki. Vipimo viwili vya plasta kwa kimoja cha maji, tabaka la mm 3, ikwaruzwe kwa brashi kabla haijakauka. Sentimita moja ya juu iwe kahawia, chini nyeupe yenye vijiwe vyeusi. Kifusi cheupe kilionekana kutoka kwenye ndege, kwa hiyo kitie kwenye mifuko ya mchanga.

6. Ndani. Vitanda vya ghorofa vyenye wavu wa waya, na blanketi la kuzuia gesi lililokunjwa juu ya mlango. Kwenye ukuta wa mwisho wa chumba acha uwazi mweusi wa sm 3, njia ya kwenda ngazi ya pili. Katika mashambulizi ya mizinga ya Waingereza ya kuanzia Juni 24 hadi Julai 1, hofu kubwa ilikuwa mdomo kuzibwa na kifusi, na hifadhi ya mlango mmoja ingegeuka kaburi.