Nyanya za masika Dar: paa kwanza, dawa baadaye

Masika huingia Machi, Aprili ndiyo kilele, na Mei bado kunanyesha. Miezi hiyo nyanya ya Dar es Salaam hushambuliwa juu na chini: udongo unajaa maji mizizi ikose hewa, na majani hayakauki mpaka ukungu uote. Wengi hukimbilia mankozebu, dawa ya ukungu. Mankozebu ni kinga, haitibu jani lililokwisha kuugua, na mvua kubwa huiosha siku hiyohiyo. Mwenye paa la naironi juu ya miche na tuta lililoinuliwa hupulizia mara chache. Asiye navyo atapulizia kila wiki na bado atang'oa.

Panda mbegu katikati ya Februari, miche ihamie bustanini katikati ya Machi ikiwa na sentimita 12 hadi 15. Kwa kuwa kuanzia katikati ya Januari kuna jua kali, tumia jua hilo: lowesha udongo wa kitalu, ufunike kwa naironi angavu iliyobana kingo zote kwa wiki 4 kabla ya kusia. Joto hilo hupunguza vimelea vya kinyaushi, ule ugonjwa wa miche kukatika shingoni asubuhi moja na kulala chini yote. Mbegu chagua Tengeru 97 kama hujui pa kuanzia. Inastahimili mnyauko wa fuzari, unaoletwa na ukungu wa udongoni, na minyoo fundo, wale wadogo wanaotia vinundu mizizini, na ganda lake gumu linavumilia safari ya sokoni.

Sasa paa. Kwa miche 24 tenga eneo la mita 3 kwa 6. Simika mirunda 9 kwa safu tatu: safu ya kati iwe na urefu wa mita 2.8 juu ya ardhi, za pembeni mita 2, na kila mrunda uingie chini sentimita 60. Laza fito juu ya kila safu, kisha tandika naironi ya banda kitalu (greenhouse) ya mikroni 200, kipande cha mita 4 kwa 7, ili kila upande uning'inie kidogo nje ya tuta. Funga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Misumari hutoboa, na tundu moja likipata upepo linapasua naironi nzima. Mgongo wa paa uelekee kaskazini na kusini, upepo wa kusi upite ndani badala ya kuibeba naironi.

Pembeni usizibe kitu. Watu wanaiga banda la Lushoto au Njombe, wanaziba pande zote, halafu wanashangaa maua yanapukutika. Kule kuna baridi na adui mkubwa ni bakajani chelewa, ugonjwa wa majani unaopenda unyevu wa ubaridi. Hapa mchana ukizidi nyuzi 32 na usiku ukabaki na fukuto, chavua hudhoofika na ua linadondoka bila kufunga tunda. Dar tunazuia mvua tu. Hewa iachwe ipite.

Chini ya paa inua matuta mawili ya upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 30, na nje ya paa chimba mfereji wa sentimita 20 kila upande wa kupokea maji yanayomwagika. Kwenye mfinyanzi wa Bonde la Msimbazi kimo hicho ongeza kifike 40. Kwenye mchanga wa Kigamboni maji hayatuami, ila minyoo fundo ndiyo kwao. Ng'oa mche mmoja wa msimu uliopita uone kama mizizi ina vinundu. Samadi iliyoiva, ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita 2 za tuta. Mbolea mbichi ya kuku huunguza mizizi.

Kila tuta lipate mstari mmoja, mche kwa mche sentimita 50. Mistari miwili inajaza macho mwezi wa kwanza, mwezi wa pili majani yanabanana na ukungu unapata pa kulala. Wiki 3 baada ya kuhamisha, weka CAN, mbolea ya naitrojeni, kizibo kimoja cha soda kwa mche, sentimita 10 kutoka shinani, ufukie. Ukizidisha naitrojeni unapata majani laini mazito yanayougua haraka, na matunda machache.

Acha shina moja tu, uliongoze juu kwa kamba ya katani. Machipukizi ya kwapani yavunje kwa vidole yangali na urefu wa kidole, asubuhi majani yakishakauka. Kuvunja wakati yana umande ni kupeleka ugonjwa kutoka mche hadi mche kwa mikono yako mwenyewe. Majani ya chini yatoe hadi sentimita 30 toka ardhini, kwa sababu bakajani tangulia, ugonjwa wa ukungu, huanzia huko: doa la kahawia lenye miduara ndani ya miduara, na jani linageuka njano kulizunguka. Ukiliona, toa jani, lifunge kwenye mfuko, ndipo mankozebu iwe na maana kwa majani yaliyobaki. Kiasi cha kuchanganya na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zifuate lebo ya pakiti.

Jambo linalosahaulika: chini ya paa hakunyeshi. Nje mafuriko, ndani mche unakufa kiu. Tangu maua yaanze, kila mche upate lita 1 hadi 1.5 kwa siku, asubuhi, shinani. Ukiruka siku mbili kisha ukafidia kwa ndoo nzima, unavuna matunda yaliyopasuka na yaliyooza kitako. Na kwa kuwa mvua haiwaoshi tena, inzi weupe na utitiri huongezeka. Inzi weupe ndio wanaoleta rasta, ugonjwa wa virusi unaokunja majani, na mche wenye rasta hautibiki.

Mnyauko bakteria ndio unaovunja moyo. Mche unalegea mchana ukiwa kijani kabisa, jioni unasimama, baada ya siku chache haurudi. Usibahatishe. Kata shina karibu na udongo, kipande cha sentimita 10, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa, ncha iguse maji. Ndani ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka toka kwenye mkato, ni bakteria. Hakuna dawa ya kuutibu. Ng'oa na udongo wake, usipitishe jembe hilo kwa wengine kabla ya kuliosha.

Kwa eneo lenye mnyauko kuna njia mbili. Ya kwanza ni viroba vya kilo 50 vilivyojazwa udongo wa kutoka kwingine, vikae juu ya matofali, visiguse maji ya chini. Ya pili ni kupandikiza nyanya juu ya shina la bilinganya, ambalo pia linahimili maji mengi. Si kila bilinganya inafaa; Kituo cha Mboga cha Dunia, chenye ofisi Arusha, kinapendekeza aina za EG195 na EG203. Bilinganya isiwe nyuma ya nyanya kwa kusiwa, mashina yalingane unene, mkato uwe wa mshazari kwa wembe mpya, kisha klipu na wiki moja kwenye kivuli chenye unyevu. Unapohamisha, kiungo, pale mashina mawili yalipounganishwa, kibaki juu ya udongo. Nyanya ikitoa mizizi yake juu ya kiungo ikagusa ardhi, ugonjwa unaingia kwa mlango huo.

Vuna tunda linapoanza kugeuka rangi, liivie ndani. Msimu ukiisha ng'oa kila kitu na uchome, usitie kwenye mboji. Hapo usirudishe nyanya, bilinganya, nyanya chungu wala pilipili, panda mahindi.