Kickstart: taja diski kabla ya kufuta
Unasakinisha Linux kama Fedora au AlmaLinux kwa Kickstart, yaani faili ya maagizo inayofanya usakinishaji uende wenyewe? Usiiache `clearpart --all` peke yake. Hufuta kila diski inayoiona, hata ile ya nje yenye data za watu. Weka pia `ignoredisk --only-use=` na uitaje diski kwa njia yake ya `/dev/disk/by-id/`. Jina `sda`, ambalo Linux huipa diski ya kwanza inayoiona, si la kutegemea: flashi ikiwa imechomekwa, huenda ikalichukua yenyewe.

Kwenye `part`, amri ya kuunda vigawanyo vya diski, `--size` huhesabiwa kwa MiB, kwa hiyo 20480 ni GiB 20. `--grow`, inayokuza kigawanyo kijaze nafasi iliyobaki, mimi huipa `/home` tu.

Seva zina diski tofauti tofauti? Skripti ndani ya `%pre`, sehemu inayoendeshwa kabla ya usakinishaji kuanza, ikague diski zilizopo, iandike mistari ya `part` kwenye `/tmp/diski.ks`, kisha uivute kwa `%include /tmp/diski.ks`. Ijaribu kwanza kwenye mashine pepe yenye diski mbili.